RAM imekuwa ghali: mwongozo kamili wa kuipima, kuibana na kuinunua ukiwa Kisumu, Nakuru au Kakamega

Ulizia RAM ya laptopu (kumbukumbu ya muda inayoshika kazi uliyoifungua) leo kwenye maduka ya Oginga Odinga Street pale Kisumu, au kando ya Kenyatta Avenue Nakuru, na utatajiwa bei isiyofanana hata kidogo na ile ya mwaka 2024. Usimgombeze mwenye duka. Sehemu kubwa ya chipu za RAM duniani hutoka kwa kampuni tatu tu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Tangu mwaka 2025 kampuni hizo zimekuwa zikielekeza viwanda vyao kwenye HBM, kumbukumbu ya kasi inayopandwa kando ya vichakataji vya akili mnemba, na gigabaiti moja ya HBM hula nafasi ya kiwandani kama mara tatu ya gigabaiti ya DDR5, RAM ya kawaida ya kizazi kipya. Wakati huohuo DDR4, kizazi kilichoitangulia, ambayo ndiyo iliyojaa kwenye laptopu zetu za eks-UK (zilizotumika Uingereza), imeanza kupunguzwa uzalishaji. Desemba 2025 Micron ikatangaza kwamba inaiondoa Crucial, jina lake la RAM na SSD (diski za chipu, zenye kasi) za wateja wa kawaida, sokoni. Mzigo umepungua, wanunuzi wakubwa wako mbele ya foleni, na sisi tunaonunua kijiti kimoja kimoja tuko mkiani.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi umebadilika. Zamani kompyuta ikiwa nzito uliongeza RAM kwanza, ukauliza maswali baadaye. Sasa pima, kisha bana ulichonacho, na ukinunua uwe unajua ni gigabaiti ngapi na za aina gani.

Pima wakati kazi imepamba moto

Kipimo cha asubuhi, kompyuta ikiwa imewashwa sasa hivi, hakina maana. Ikiwa una saiba (duka la intaneti), pima saa nne wateja wa eCitizen na KRA wakiwa wamejaa. Ikiwa ni laptopu ya ofisi au ya mwanafunzi wa Maseno au Egerton, fungua kila kitu unachotumia kwa kawaida, fanya kazi nusu saa, ndipo upime.

Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ikifunguka nenda Performance, halafu Memory. Andika kwenye karatasi namba nne: In use, Available, Committed na Slots used (sloti, yaani matundu ya kuwekea RAM, zilizojaa). Ukiwa hapohapo tazama pia mstari wa Disk, uone kama uko kwenye asilimia 100 au karibu yake.

Chukua mfano wa laptopu ya 8GB inayoonyesha In use 6.9, Available 0.9 na Committed 11.2. Hiyo Committed ndiyo ahadi zote ambazo mfumo umezitoa kwa programu, na 11.2 haiwezi kutoshea ndani ya 8. Inayozidi imeegemezwa kwenye faili la ziada lililo kwenye diski. Si yote inayoguswa kila dakika, lakini inapoguswa kompyuta husubiri diski, na hapo ndipo kishale cha mausi hugeuka kuwa duara linalozunguka. Hapa kuna upungufu wa kweli: ama ubane kama 3GB, ama upande hadi 16GB.

Sasa mfano wa pili, ambao mafundi wengi huukosea. Laptopu ina 8GB, In use ni 4.3, lakini Disk iko 100% na kila kitu kinakokota. RAM hapo haina hatia. Nyuma yake utakuta hadi diski ya zamani, ile ya kuzunguka, ambayo husoma mafungu madogo madogo karibu mia moja tu kwa sekunde, ilhali SSD hata ya bei ya chini husoma maelfu. Kumwekea mtu huyo RAM ni kumuuzia dawa ya macho kwa ugonjwa wa meno. Mwekee SSD. Hata penye 4GB tu juu ya hadi diski, shilingi ya kwanza iende kwenye SSD, kwa sababu RAM ikizidiwa angalau itamwagikia mahali penye kasi.

Ukitaka ushahidi zaidi, andika resmon kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua Memory, utazame Hard Faults, yaani mara ambazo mfumo umelazimika kwenda kusoma diski. Ikiruka juu unapofungua programu kisha ikashuka, ni kawaida. Ikikaa kwenye mamia dakika baada ya dakika huku kompyuta ikiganda, RAM imeisha.

Kwenye Linux amri ni moja: free -h. Wengi huangalia safu ya free, wakaona 200MB, wakapiga kelele. Safu ya kutazama ni available. Linux, kama Windows, hujaza RAM isiyo na kazi kwa nakala za mafaili yaliyosomwa karibuni, na huiachilia papo hapo ikihitajika. RAM iliyojaa si ugonjwa. Ugonjwa ni RAM iliyojaa vitu visivyoweza kuachiliwa.

RAM uliyolipia lakini huipati

Kabla ya kuongeza chochote, hakikisha iliyopo inatumika yote. Kwenye ukurasa uleule wa Memory kuna Hardware reserved, RAM iliyotengwa isitumiwe na programu. Megabaiti mia moja au mia mbili ni kawaida. Ukiona gigabaiti nzima au zaidi, sababu huwa mojawapo ya hizi.

Windows ya biti 32 haivuki 4GB, na hata ndani ya hiyo hutumia 3.2 hadi 3.5 tu. Bado kuna kompyuta za mezani kwenye shule na saiba zilizowekewa mfumo huo miaka kumi iliyopita. Kuweka 8GB humo ni kazi bure mpaka uweke mfumo wa biti 64.

Grafiki iliyo ndani ya kichakataji hukopa RAM, hasa kwenye mashine za AMD. Kwenye BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla ya Windows) huonekana kwa majina kama UMA Frame Buffer. Ikiwa imewekwa 2GB na wewe ni wa Word na Excel, ishushe hadi 512MB uokote gigabaiti moja na nusu bila kulipa senti.

Kuna pia kosa la mkono. Andika msconfig, fungua Boot, kisha Advanced options. Kisanduku cha Maximum memory kisiwe na alama. Watu huambiwa mitandaoni wakiweke alama ili kuongeza kasi, na matokeo huwa kinyume kabisa.

Na mwisho, kijiti kimoja kati ya viwili huenda hakisomwi. Task Manager inasema sloti mbili zimejaa lakini jumla ni ya moja, au BIOS inaonyesha nusu. Hiyo tutairudia kwenye usafi.

Kubana

Anza na kivinjari, maana ndicho mlaji mkubwa karibu kila mahali. Ndani ya Chrome bonyeza Shift na Esc. Hutoka orodha ya kila kichupo na kila kiongezi pamoja na RAM kinachokula. Ipange kwa kumbukumbu. Mara nyingi utakuta viongezi vitatu au vinne visivyotumika, na kichupo cha video kilichosahauliwa tangu jana. Kisha nenda kwenye mipangilio, sehemu ya Performance, uwashe Memory Saver. Vichupo usivyovigusa hulazwa, na ukivirudia hupakiwa upya. Hapo kuna kasoro ya kujua mapema: fomu ya KRA au KUCCPS uliyoijaza nusu inaweza kupotea kichupo kikilazwa. Tovuti hizo ziweke kwenye orodha ya zile zisizolazwa kamwe.

Tumia kivinjari kimoja. Chrome na Edge zikiwa wazi pamoja, kila moja hubeba injini yake. Hata kama huitumii Edge, ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya System and performance, uzime Startup boost na kile cha kuendelea kufanya kazi baada ya kufungwa. WhatsApp ya Windows nayo siku hizi huendeshwa na injini ya kivinjari ndani yake, kwa hiyo ifunge kabisa usipoihitaji, au uifungue kama kichupo ndani ya kivinjari ambacho tayari kiko wazi.

Programu zinazojiwasha: Task Manager, ukurasa wa Startup. Zima kila usichokijua kazi yake isipokuwa antivirasi na madereva (programu zinazoendesha vifaa) ya sauti na padi ya kugusa. Antivirasi ziwe moja. Defender iliyomo ndani ya Windows inatosha watu wengi, na mbili zikikaa pamoja hukaguana zenyewe kwa zenyewe.

Excel ina tabia yake. Faili la stoo lenye mistari 600 linaweza kuwa na uzito wa 40MB kwa sababu mtu aliwahi kupaka rangi safu nzima hadi chini. Bonyeza Ctrl na End. Kishale kikirukia mstari wa 1,048,576, umemkamata mwizi: Excel inaamini karatasi nzima inatumika. Chagua mistari yote iliyo chini ya data yako, ifute kwa Delete ya mstari mzima wala si kwa kufuta maandishi tu, hifadhi, ufunge na kufungua tena. Angalia pia kama Excel yenyewe ni ya biti 32, kupitia File, Account, About Excel. Ikiwa ndiyo, itakwambia kumbukumbu imeisha hata kwenye mashine ya 16GB, kwa sababu haina uwezo wa kuifikia yote.

Jambo lingine dogo lenye faida kubwa: Restart si sawa na Shut down. Windows yenye Fast Startup ikizimwa huhifadhi kiini chake kwenye diski na kukirudisha vilevile, pamoja na dereva lililokuwa likivuja kumbukumbu. Kwenye Task Manager, ukurasa wa CPU, soma Up time. Mtu anayezima laptopu kila jioni hushangaa kuona siku 23. Fanya Restart angalau mara moja kwa wiki.

Usiweke programu za kusafisha RAM. Kazi yake ni kuzilazimisha programu zitoe vitu vyao RAM na kuvipeleka kwenye diski. Namba inashuka, unafurahi, kisha kila unachogusa kinachelewa kwa sababu kinarudishwa kutoka diski. Wala usizime faili la ziada la Windows. Bila hilo, ahadi zikizidi RAM programu hufungwa ghafla pamoja na kazi ambayo hujaihifadhi. Liache lijipange lenyewe. Kama SSD ni ndogo na nafasi inabana, lipe kiwango cha kudumu cha kati ya 4096 na 8192MB.

Wa Linux wana silaha nzuri zaidi, zram, ambayo hukandamiza kumbukumbu ndani ya RAM yenyewe badala ya kuipeleka diski. Mara nyingi data hukandamizika hadi nusu au theluthi yake. Kwenye Debian, Ubuntu au Mint:

sudo apt install zram-tools

Fungua faili /etc/default/zramswap, uondoe alama ya reli (#) mbele ya mistari hii miwili na kuiandika hivi:

ALGO=zstd
PERCENT=50

Kisha sudo systemctl restart zramswap, na uthibitishe kwa zramctl. Kichakataji cha zamani sana kikionekana kuhema, badilisha zstd iwe lz4, inayokandamiza kidogo lakini kwa wepesi. Kwa laptopu ya 4GB ya mwanafunzi, Mint ya XFCE yenye zram na SSD ni tofauti ya mchana na usiku, na gharama yake ni bando la kupakua mfumo. Windows 10 na 11 tayari hukandamiza kumbukumbu zenyewe. Huna cha kuwasha huko.

Baada ya haya yote rudia kipimo kwa saa ileile na kazi ileile. Committed ikishuka chini ya RAM uliyonayo, weka pesa mfukoni.

Kiasi gani kinatosha

4GB: kazi moja kwa wakati, na afadhali iwe Linux. Windows 11 inaikubali kwenye karatasi, ila ikishawaka haibakishi cha maana. 8GB: saiba, ofisi, masomo, QuickBooks ya duka moja. 16GB: anayehariri picha, anayeandika programu, au mwenye vichupo arobaini asivyotaka kuvifunga. Juu ya hapo, kama unaihitaji unajua tayari.

Mwenye saiba au maabara ya shule asinunue kwa mazoea. Tuseme una kompyuta kumi za aina moja, kila moja ina kijiti kimoja cha 4GB na sloti moja wazi. Mazoea ni kung'oa 4GB kumi, kuweka 8GB kumi, na vile vya zamani kuishia kwenye droo. Badala yake nunua vijiti vitano tu vya 8GB. Viweke kwenye mashine tano, uchukue 4GB zilizotoka humo uziongeze kwenye mashine tano zilizobaki. Zote kumi sasa zina 8GB kwa nusu ya pesa. Na zile za 4 na 4 zitakuwa na njia mbili za kusomea kwa pamoja, jambo ambalo grafiki ya ndani hulipenda: DDR4 ya 2400 hubeba gigabaiti 19.2 kwa sekunde kwa njia moja, na mara mbili yake kwa njia mbili.

Kuitambua RAM yako

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Aina hazichanganyiki. DDR3 hutumia volti 1.5, DDR3L volti 1.35, DDR4 volti 1.2, DDR5 volti 1.1. Pengo lililokatwa kwenye ukingo wa kijiti liko mahali tofauti kwa kila kizazi, na kijiti cha laptopu kina pini 204 kwa DDR3, 260 kwa DDR4 na 262 kwa DDR5. Kisipoingia usikisukume, si chake. Mtego uko kati ya DDR3 na DDR3L, maana pengo lao ni moja na vyote huingia. Laptopu za Intel za kizazi cha nne, mfano HP EliteBook 840 G1, zinataka DDR3L. Ukiweka ya volti 1.5 skrini hubaki nyeusi, na fundi asiyejua husema bodi imekufa.

Kwa mashine zinazoonekana sana huku: EliteBook 840 G1 na G2 ni DDR3L, G3 ni DDR4. ThinkPad T450 ni DDR3L, T470 na T480 ni DDR4, zote zenye sloti mbili. T490 ina sehemu iliyolehemewa kwenye bodi na sloti moja tu. X1 Carbon na MacBook Air hazina sloti kabisa: unachonunua siku ya kwanza ndicho utakachozikwa nacho. Ukiwa unachagua laptopu ya kukaa nayo, hilo pekee lina uzito kuliko wembamba wake.

Sasa soma lebo. Kijiti kimeandikwa 8GB 1Rx8 PC4-2400T-SA1-11. PC4 ni DDR4. 2400 ni kasi. SA ni ya laptopu. Ingekuwa UA ingekuwa ya kompyuta ya mezani, na RA ni ya seva. Kwenye DDR3 utaona kitu kama PC3L-12800S: ile L ni ya volti ya chini, 12800 ni sawa na kasi ya 1600, na S ya mwisho ni laptopu, U ni ya mezani, R ni ya seva. RAM za seva zenye R huuzwa kwa bei ya kutamanisha, 16GB kwa bei ya 4GB, na kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani haziwaki. Pia kuna DDR3 za mezani za bei rahisi zilizotengenezwa kwa bodi za AMD pekee. Ukiziweka kwenye Intel hupati kitu. Muulize muuzaji swali hilo wazi, na jibu liandikwe kwenye risiti.

Kasi zikitofautiana, zote hukimbia kwa kasi ya iliyo polepole. Ukubwa ukitofautiana, mfano 4 na 8, hufanya kazi vizuri tu: 4 na 4 huenda kwa njia mbili, na 4 iliyobaki kwa moja. Usiogope mchanganyiko huo ikiwa bei imekubali.

Kununua

Piga hesabu kwa gigabaiti. Kwa namba za mfano tu: kijiti cha 8GB kikitajwa shilingi 4,000, kila gigabaiti ni 500, cha 16GB kikitajwa 9,600, ni 600. Kisha ongeza usafiri. RAM inayoagizwa Nairobi na kuletwa kwa gari la vifurushi hadi Kakamega au Busia ina nauli ya kuja, na ikiwa mbovu ina nauli ya kurudi pamoja na siku mbili za saiba kusimama. Tofauti ya shilingi mia nne mara nyingi humezwa hapo. Duka la mjini kwako ambapo unaingia na laptopu mkononi, unajaribu, kisha ndipo unatuma M-Pesa, lina thamani isiyoandikwa kwenye bei.

Usidharau RAM iliyotolewa kwenye laptopu iliyokufa. Haina kitu kinachozunguka wala kuchakaa haraka, na bodi au skrini ikifa RAM kwa kawaida hubaki nzima. Ni ununuzi mzuri kuliko betri au hadi diski iliyotumika, mradi uijaribu.

Na ukinunua laptopu nzima, uliza bei mbili za mashine ileile: ya 8GB na ya 16GB. Kama tofauti ni ndogo kuliko bei ya kijiti cha 8GB dukani, chukua yenye 16GB. Mzigo uliofika kabla bei hazijapanda bado hukutwa huku na kule, na huyo muuzaji bado anaipigia RAM hesabu ya zamani.

Andika namba ya mfululizo ya kijiti kwenye risiti. Kijiti chenyewe kitie alama ndogo ya kalamu ya wino usiofutika, ukingoni wala si juu ya pini za dhahabu.

Kuiweka

Zima laptopu huku umeshika Shift, ili Fast Startup isiingilie. Chomoa chaja. Betri ya nje itoe. Iliyo ndani iondoe umeme: kwenye ThinkPad kuna Disable Built-in Battery ndani ya BIOS, chini ya Config na Power, na kwingine utachomoa waya wa betri ukishafungua kifuniko. Bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde 15 ili mabaki ya umeme yaishe.

Umeme wa msuguano huua chipu bila wewe kuhisi. Hewa ya Kisumu ina unyevu wa ziwa, na hilo husaidia. Nakuru mwezi wa Januari na Februari, hewa kavu na umevaa sweta la sufu bandia, ni habari nyingine. Vua sweta, fanyia kazi juu ya meza ya mbao, na gusa chuma kisicho na rangi kabla ya kugusa RAM.

Kijiti cha zamani kinashikwa na vibanio viwili vya chuma ubavuni. Vitanue vyote kwa wakati mmoja kwa kucha za vidole gumba, na kijiti kitainuka chenyewe hadi kama nyuzi 30. Kivute kwa kushika kingo. Kipya kiingize kwa mwinamo huohuo, pengo likikutana na kijino cha sloti, ukisukume mpaka ukanda wa dhahabu ubakie kama uzi tu au upotee kabisa. Ndipo ukilaze chini mpaka vibanio vilie, kila upande. Kosa la kawaida kabisa ni kukilaza kabla hakijaingia chote: vibanio hushika, macho huridhika, na kompyuta huonyesha RAM ya zamani au giza tupu.

Washa. Skrini ikikaa nyeusi dakika moja usichomoe. Mashine inapima RAM mpya, na DDR5 inaweza kuchukua dakika kadhaa. Ingia BIOS, usome jumla.

Isipowaka au ikisoma nusu, safisha. Vumbi la Nakuru ni laini kama unga na hupenya kila mahali. Sugua ukanda wa dhahabu kwa kifutio cheupe cha shule, polepole, kuelekea nje, kisha pangusa vipande vyote kwa brashi laini. Sloti ipulize kwa pampu ya mkono, usitumie mdomo, maana mate ni maji yenye chumvi. Ukitumia kimiminika kiwe alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya hospitali ina mafuta ndani yake, na ile ya zambarau ina rangi. Zote huacha utando, na wiki mbili baadaye tatizo hurudi.

Kujaribu

Pakua Memtest86+ uiweke kwenye flashi, uwashe kompyuta kutoka humo, uiache usiku kucha, angalau mizunguko minne. Idadi inayokubalika ya makosa ni sifuri. Kosa moja tu linatosha kurudisha kijiti dukani, kwa sababu RAM mbovu haizimi kompyuta kila mara. Wakati mwingine huharibu faili kimyakimya, na unakuja kugundua mwisho wa mwezi hesabu zikiwa hazifungui. Kwa haraka kuna mdsched ndani ya Windows, lakini hupitisha vijiti ambavyo Memtest86+ huvikamata.

Makosa yakitokea, toa vyote, jaribu kijiti kimoja kwenye sloti ya kwanza, kisha kilekile kwenye ya pili. Kikikosea kote, kijiti ni kibovu. Vijiti vyote vikikosea kwenye sloti moja na kupita kwenye nyingine, sloti ina uchafu au bodi ina ufa, na RAM mpya haitakuponya.

Kwa wa Kakamega, Kisii na Kericho, ambako ngurumo za alasiri ni za karibu kila siku msimu wa mvua: wingu likianza kunguruma chomoa chaja ukutani, pamoja na kebo ya intaneti. UPS (betri ya akiba ya kompyuta) husaidia stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, lakini haizuii radi ya karibu.

Vijiti vilivyobaki visikae wazi kwenye droo ya skrubu wala kwenye mfuko wa kawaida wa plastiki, unaozalisha umeme wa msuguano. Vitie kwenye mfuko wa kijivu unaong'aa ambao RAM mpya ilikuja nao, ukiandika juu yake aina, ukubwa na tarehe uliyovijaribu. Kwa bei za sasa, 4GB mbili za DDR4 zilizopimwa na kuandikwa hivyo hazikosi mnunuzi.